Kabati la Somo: Hesabu ya Nguo za Mwaka Mmoja Amu

"Sina nguo," somo aliniambia, na huku mlango wa kabati lake umefungwa kwa kipande cha leso kilichozungushwa kwenye vishikio, maana bila hicho haufungiki. Ilikuwa Ijumaa ya mwanzo wa Desemba, baada ya alasiri, nyumbani kwake Langoni, mtaa wa hapa Amu (Lamu). Harusi ya binti ami yake ilikuwa imebakisha wiki tatu, sare (kitambaa kimoja kwa wanawake wote wa harusi) imeshatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, na yeye kanitumia ujumbe wa sauti niende nikamchukue vipimo. Nikamwambia vipimo vyako ninavyo, mwaka huu nimekushonea sare tano. Akanyamaza. Kisha akasema, "Njoo basi uangalie wewe mwenyewe."

Mimi ni fundi wa cherehani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, ana watoto watatu, na jina letu ni moja, ndiyo maana twaitana somo. (Kwa wasio wa pwani: somo pia ni yule mama anayemfunda bi harusi. Huyu wangu hajamfunda mtu.) Amekubali niandike kisa chake bila kumtaja jina, sharti jepesi kwa mtu mwingine, gumu kidogo kwangu.

Tulitoa kila kitu tukakirundika kitandani. Ilitoka harufu ya naftalini, harufu ya kawa (ukungu wa nguo), na chini yake udi wa harusi za zamani. Zile alizonunua toka Desemba iliyotangulia tukazitenga. Daftari la matumizi hakuwa nalo, lakini simu ilikuwa daftari tosha: jumbe za M-Pesa zilikuwamo zote, tarehe na kiasi, mpaka zile za mia tano tano alizokwisha kuzisahau. Tukaandika nyuma ya kitabu cha mazoezi cha mwanawe.

Sare za harusi zilikuwa 5. Kila moja ilimtoka shilingi 3,500: kitambaa yadi 4 kwa 450, hiyo 1,800, kushona 1,200, mtandio 500. Jumla 17,500. Abaya ya nakshi aliyoagiza kwenye simu, 6,500, na 500 za kuisafirisha, na 400 alizonilipa mimi kuifupisha: 7,400. Deraa 3 za 900, jumla 2,700. Viatu vya visigino, 2,800. Gauni la satini la mtumba, 1,500. Na abaya nyeusi ya kazini, 8,500. Ukijumlisha ni shilingi 40,400. Leso sikuzitia, kwa sababu leso haijawahi kukaa bure katika nyumba ya Mswahili. Ikichoka mwilini huenda kwa mtoto, ikichoka kwa mtoto huenda jikoni.

Nikamuuliza swali moja tu kwa kila nguo: umeivaa mara ngapi?

Sare, mara moja moja. Abaya ya nakshi, mara moja. Deraa, mara mbili mbili, na moja wapo sasa inapangusia meza. Viatu, mara moja. Gauni la satini, hajalivaa. Abaya ya kazini, ah, hiyo ni kila siku.

Hiyo ya kila siku ndiyo iliyokuwa ikimsuta. Aliinunua Mombasa, na aliporudi alimwambia baba watoto kuwa ni ya elfu nne. Mwaka mzima alijiona mkosaji kwa ajili ya nguo moja. Tukapiga hesabu: siku nne kwa wiki, mihula mitatu, kwa uchache siku 140. Gawa 8,500 kwa 140, wapata shilingi 60 na ushei kwa siku, haifiki bei ya soda mbili. Sare ya 3,500 iliyovaliwa usiku mmoja ni 3,500 kwa usiku. Kati ya ile elfu arobaini, zilizomrudia kwa njia ya matumizi hazifiki robo, na zote zimo ndani ya nguo aliyoificha bei.

Aliponiambia alivyoinunua nikaelewa. Alikwenda dukani na mwalimu mwenzake, mama mtu mzima, ambaye hakumwacha ajitazame kwenye kioo amesimama tu. Alimwambia kaa chini. Alimwambia inua mkono kama unaandika ubaoni. Mkono ukipanda na nguo ikapanda nayo hadi mguu ukaonekana, hiyo si ya mwalimu. Abaya mbili zilikataliwa kwa kosa hilo. Ya tatu ilikuwa ya nida, kitambaa cha abaya, nyepesi, pana chini ya makwapa, haina kijiwe wala ushanga, haitaki pasi. Somo huifua imegeuzwa ndani nje na kuianika kivulini, ndiyo maana haijapauka.

Nguo hiyo ndiyo pekee aliyoinunua akiwa na siku yake mwenyewe kichwani. Nyingine zote, ukiondoa sare, aliona nguo kwanza, siku ya kuivalia akaitafuta baadaye.

Abaya nambari 58

Hii aliiona kwenye simu saa sita usiku, watoto wamelala, katika ukurasa wa muuzaji mmoja wa Mombasa. Weusi uliokolea, pindoni nakshi ya vijiwe upana wa kiganja, inazunguka nguo nzima. Muuzaji akamuuliza, nambari ngapi? Somo ana mwili, naye akapiga hesabu ya gauni: mwenye mwili huvaa nambari kubwa. Akajibu 58.

Nambari ya abaya haihusiani na unene. Ni urefu, kwa inchi, kutoka mshono wa begani hadi pindoni: 52, 54, 56, 58, 60. Somo ana urefu wa futi 5 na inchi 2, na nambari yake ni 54. Upana wa kifua hakuuliza, wala muuzaji hakuutaja.

Mzigo ukapanda basi Mombasa, ukapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, ukavuka kwa boti hadi Amu. Aliponiletea niliitandaza juu ya meza ya kukatia nikaweka futi ya kupimia. Inchi 58 kamili. Alichoagiza ndicho alicholetewa. Kifuani ilimshika, na chini ilikuwa na inchi 4 za kufagilia mitaro na alama za punda.

Akataka kurudisha. Muuzaji akamjibu kwamba mzigo ukitoka haurudi. Somo akaja juu, na mtu akamwambia atume ule ujumbe wa malipo kwenye 456 pesa zirudishwe. Lakini 456 ni ya aliyekosea nambari ya simu, si ya aliyekosea kipimo. Vilevile Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari za kutosha kuzihusu, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Haki hizo nazijua na nazipenda. Ila nguo ile haikuwa mbovu, na nambari aliitaja mwenyewe. La kumbana nalo muuzaji lilikuwa moja, kwamba alipokea pesa bila kueleza 58 ni kipimo cha kitu gani, na kwa bishano la namna hiyo somo angelipa mia tano nyingine kuurudisha mzigo, kisha angoje huruma ya mtu asiyemjua.

Hapa naingia mimi. Abaya yenye nakshi pindoni haifupishwi kwa kukata chini, maana ukikata chini umekata kile kilicholipiwa. Wafaa uibandue nakshi kwanza, ukate, uirudishe kwa mkono, na vijiwe vya gundi havikubali kubanduliwa. Hata pasi yenye moto huviyeyusha gundi vikadondoka. Nilimwambia hivyo, lakini nilimwambia kivivu, kwa sababu ilikuwa wiki ya kazi nyingi. Akasema, "Kata tu." Nikakata. Ukanda wa inchi 4 ukaanguka sakafuni kwangu, unang'aa, na bintiye wa miaka sita akauokota akamfunga mwanasesere wake. Somo aliivaa ile abaya siku moja, ikiwa nyeusi tupu, inambana kifuani, na imemgharimu 7,400. Ile 400 niliipokea. Heri ningemkatalia.

Anayeagiza kwenye simu nampa dawa moja tu, na haigharimu kitu. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, uitandaze sakafuni, upime bega hadi pindo, kwapa hadi kwapa, na urefu wa mkono. Vipimo vitatu. Mtumie muuzaji, umwambie naye aipime ile anayotaka kukuuzia, akupigie picha futi ikiwa juu yake. Anayetaka kuuza hupima. Asiyetaka, usiku umeingia, lala.

Za usiku na za mlangoni

Gauni la satini alilinunua baada ya isha, kwa muuza mitumba anayetandika chini ya globu moja. Robota lilikuwa limefika kutoka soko la Kongowea, Mombasa, siku hiyo, na nguo yenyewe ilikuwa kamera, ndivyo wanavyoziita zile za kuchaguliwa mwanzo. Kijani cha chupa, kola nzuri, kibandiko kinasema 12. Asubuhi, dirishani, chini ya makwapa palikuwa na madoa mawili ya hudhurungi, jasho la aliyelivaa kabla yake. Satini ikishaingiwa na jasho ikakaa hivyo, hakuna sabuni niijuayo. Na ile 12 ilikuwa ya Marekani, ambayo ni kubwa. 12 ya Uingereza ni sawa na 8 ya kwao. Robota moja huchanganya nguo za nchi tatu nne, kwa hiyo kibandiko cha mtumba ni cha kusomea tu, si cha kununulia. Futi ya kupimia ya kutia mkobani ni hela ndogo. Na kama huna budi kununua usiku, walau usinunue nyeusi, buluu nzito wala kijani, maana chini ya globu zote ni rangi moja.

Deraa zilikuja zenyewe mlangoni, mkononi mwa rafiki anayeuza kwa kulipwa mwisho wa mwezi. Huu ndio ununuzi mgumu kuukwepa huku kwetu: mtu ameketi kwenye mkeka wako, amekunywa kahawa yako, na amekuwekea nguo mapajani. Somo alichukua tatu ili asionekane bakhili. Zilikuwa za rayoni, nyororo, zinamwagika vizuri mwilini. Rayoni ikilowa hupungua nguvu, na ya bei nafuu hurudi vibaya. Moja ilipoanuliwa ilikuwa juu ya kifundo cha mguu. Nyekundu ilichuja ndani ya beseni lililokuwa na mashati mawili ya skuli ya mwanawe. Mashati yakawa ya waridi. Shilingi 900 za mashati mapya sikuzitia kwenye ile hesabu ya juu, lakini zilitoka kwa sababu ya deraa ya 900, kwa hiyo ile deraa ni ya 1,800. Kabla ya kuonea haya bei, lowesha ncha ya leso nyeupe kwa maji uisugue ndani ya pindo. Ikitoka na rangi, mwambie rafiki yako kahawa bado ipo.

Viatu havina maelezo marefu. Visigino vya inchi tatu, kwenye vichochoro vya Amu, vya mawe, mchanga na mavi ya punda. Alivibeba mkononi hadi kwenye nyumba ya harusi, akavivaa hatua kumi, akavivua dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kama kila mtu, akaingia kuketi mkekani. Aliyeviona ni mlinzi wa daka.

Kitu kingine kidogo kilichonichekesha: naftalini. Kila rafu ilikuwa na tembe zake, ameogopa nondo. Nondo anataka sufu na hariri. Kabati lile, ukiondoa leso, fulana na zile deraa, lilikuwa poliesta kutoka juu mpaka chini, na nondo angekufa njaa mle. Adui wake alikuwa unyevu. Kabati limeegeshwa kwenye ukuta wa matumbawe unaovuta maji tangu masika, nguo zimeshindiliwa hazipati hewa, na madoa ya kawa yalikuwa yameanza kwenye mikono ya sare mbili. Tulilisogeza kabati kiasi cha kupita mkono. Naftalini nilimwambia ampe mwenye suti ya sufu, kama yuko Amu.

Sare

Sasa tuje kwenye zile 17,500, maana huko ndiko fedha zilikokwenda, na huko ndiko ushauri wa mitandaoni unakogonga ukuta. Watu huandika: usinunue nguo ya kuvaa mara moja, nunua chache, rudia. Maneno mazuri, yameandikwa na mtu asiye na shangazi. Amu ukikataa sare ya harusi ya ndugu yako, hakuna atakayesema umeweka akiba. Watasema una neno moyoni. Na kuirudia sare ya harusi ya akina fulani kwenye harusi ya akina fulani ni kama kwenda na kadi ya mwaliko ya watu wengine.

Tena ukiangalia, nguo yenyewe haionekani na mtu ila wanawake wenzio, ndani, kwa saa mbili tatu. Njiani umefunikwa na buibui. Zamani hapa bibi wa kiungwana alikwenda matembezini ndani ya shiraa, kitambaa kilichoinuliwa na watumwa wake pembe zote. Buibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa tabaka zote wakawa weusi sawa njiani. Mashindano yakahamia mkekani. Yako huko mpaka leo.

Nilimwambia somo jambo ambalo nilikuwa nimeliwaza muda mrefu nikiwa kwenye cherehani. Sare si nguo. Sare ni mchango wa harusi ulioshonwa. Mtu akichanga mchele wa wali wa harusi, halalamiki kwamba wali wake uliliwa mara moja. Kosa lake lilikuwa kuziweka sare kwenye fungu la nguo: pesa za nguo zikaishia huko, kisha akitaka nguo ya kuvaa hana, akifungua kabati linamzomea. Ukiiweka kwenye fungu la mchango, maswali hubadilika. Mchango una mipaka, na hutolewa kwa kadiri ya udugu.

Tukazipitia harusi zile tano kwa macho hayo. Mbili zilikuwa za damu. Moja ya dada wa mwalimu mwenzake. Moja ya jirani wa mtaa wa pili. Moja ya rafiki wa mumewe, mtu ambaye somo hajawahi kusalimiana na mkewe. Tatu hizi angekwenda na nguo yake, akamtuza bi harusi mia tano mkononi, na angekaribishwa vizuri tu. Alipoulizwa kwenye kundi la WhatsApp "nani yumo kwenye sare?" aliandika "nimo" kwa sababu wengine waliandika "nimo". Mara tatu 3,500 ni 10,500, kwa neno la herufi nne.

Kisha kitambaa chenyewe. Kamati ya harusi hutangaza: yadi nne kila mtu. Nne kwa nini? Kwa sababu enzi za kitambaa cha inchi 45 gauni refu lilikula yadi nne. Krepu zinazoletwa sasa, na hizi tano zote, ni za inchi 60. Kwa mtu wa urefu wa somo, mbele inchi 54, nyuma inchi 54, jazia pindo na mabega, unafika inchi 112; mikono hutoka ubavuni, upana unaruhusu. Yadi nne ni inchi 144. Kila sare ilibakisha inchi 32, karibu yadi nzima, ambayo yatosha gauni la mtoto au mtandio uliokwenda sawa na nguo bila kutoa 500 za wa dukani. Sare tano, karibu yadi nne na nusu.

"Viko wapi hivyo vipande?" somo akaniuliza.

Nilikuwa nangoja swali hilo lisije. Mteja asipodai vipande, vipande ni vya fundi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo mafundi wengi wanavyofanya. Nikamwambia viko kwangu. Akaniangalia, lakini hakusema neno, akaandika "vipande" nyuma ya kitabu cha mazoezi na kukipigia mstari.

Kosa jingine lilikuwa la ushoni. Sare ile ya Januari niliishona kwa kubana, ikiwa na bitana, kwa sababu picha iliyotumwa kwenye kundi ilikuwa ya mwanamke aliyebanwa. Januari, chumba kimoja, wanawake sitini, mlango umefungwa. Pamba huweza kushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake katika hali ya kawaida. Poliesta haifiki hata nusu asilimia. Jasho likitoka halina pa kwenda. Somo alitoka nje mara tatu, na mara ya mwisho hakurudi. Lakini sitaki kuilaumu poliesta peke yake, kwa sababu ile abaya nzuri ya kazini nayo ni poliesta. Tofauti ni kwamba hiyo haina bitana na ina nafasi, upepo unapita. Ubaya ulitoka kwenye kubana pamoja na bitana. Halafu niliacha nusu inchi tu ndani ya mishono ya ubavuni, kwa hiyo alipoongezeka mwili kidogo, hapakuwa na kitu cha kufungulia. Mshono wa inchi moja na nusu hauongezi gharama yoyote. Huongeza tu maisha ya nguo, na fundi hapati kazi mpya.

Tulichofanya

Sare moja ilikuwa ya krepu nyepesi ya samawati. Niliitoa bitana, nikafungua ubavu hadi magotini nikatia kipande cha rangi ile ile, ikawa vazi la kuendea matembezi. Moja nikaipunguza ikawa nguo ya Idi ya bintiye. Moja ilikwenda Mokowe kwa binti wa dadake, ambako hakuna aliyeiona. Mbili zilikuwa na vitu ving'aavyo vilivyoshonwa kwa mashine, uzi mmoja ukikatika vinamwagika vyote. Hizo zilirudi kabatini. Gauni la satini tulilikata mikono na makwapa yake, likawa sketi ya ndani. Deraa fupi anaivaa nyumbani akifua.

Ikabaki harusi ya binti ami. Hiyo ilikuwa ya damu, kwa hiyo sare ilikuwamo, hakuna mjadala. Kitambaa, krepu ya inchi 60, rangi ya zambarau. Tulikwenda dukani pamoja. Nilimwambia muuzaji afungue jora tupime upana kwanza, kisha akate yadi 3 na robo. Kwa 450 ni 1,462 na nusu, akachukua 1,460. Akasema wenzake wote wamechukua nne. Nikamwambia wenzake wote hawana fundi aliyeumbuliwa juzi.

Nikamshonea deraa, pana, bila bitana, inchi moja na nusu kila mshono, shingo ya kawaida. Nilimtoza 500. Mtandio ulitoka kabatini, wa sare ya pili, rangi zikakubaliana vya kutosha. Jumla 1,960 badala ya 3,500. Usiku wa harusi mama mmoja wa upande wa bwana alimgusa bega akamuuliza, "Mbona wewe yako ni deraa?" Somo akamjibu, "Nimekuja kucheza." Na alicheza mpaka mwisho, hakutoka nje hata mara moja, na kabla hatujaondoka wawili walikuwa wameniuliza kama naweza kuzifungua zao mishono.

Zile za nje ya damu, harusi mbili za Januari iliyofuata, aliandika kwenye kundi kwamba atakuja inshallah, na hakuandika "nimo". Aliniambia dakika tano za kwanza baada ya kutuma zilikuwa ngumu kuliko mtihani wa zamani wa darasa la nane. Baadaye mwingine akaandika vivyo hivyo. Kisha wa tatu.

Wiki moja baada ya harusi alikuja dukani kwangu na kile kitabu cha mazoezi. Alikuwa amevaa ile deraa ya zambarau, ya kwenda sokoni, mara ya nne hiyo kwa hesabu yake, na kidole chake kilikuwa kwenye ule mstari. "Vipande vyangu." Nikafungua gunia, nikampa vitatu, nimevipiga pasi. Viwili sikuweza kumpa. Vilikwisha kuwa foronya, na mmoja wa mito hiyo nilikuwa nimeulalia usiku uliopita.